Waliofutwa Kitabuni

Wapendwa, kaeni. Neno mmelisikia, sasa nawapa mfano. Wale wanaosinzia mfano unapoanza, leo wajitahidi, maana huu unatisha kidogo.

Kulikuwa na mwalimu mmoja, mwanamke, aliyekuwa anaandika riwaya. Jina lake silitaji, msije mkaanza kumtafuta. Alikaa katika mji mdogo wa stesheni, mahali ambapo treni ikipita nguo zilizoanikwa zinabadilika rangi kwa vumbi. Alikaa na mama yake mzazi, bibi ambaye macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Bibi yule hakuona kitu, lakini masikio yake, usiseme! Alimtambua mtu kwa jinsi anavyovuta pumzi.

Riwaya ile haikuwa kazi ya mchezo. Mwalimu aliiandika akitoka kufundisha, akishapika, akishamwogesha mama. Ilihusu mtaa kama wao. Kulikuwa na fundi viatu mlevi aliyeimba nyimbo za kanisa huku akishona soli. Kulikuwa na mwanamke aliyeosha maiti, na msichana aliyefukuzwa shule kwa sababu ya mimba. Na kulikuwa na bibi kipofu aliyekaa barazani akiwasikiliza wote. Huyo mnajua alitoka wapi. Kila ukurasa ulipokamilika alimsomea mama yake, na bibi alikuwa akisema, "Mwanangu, mimi namwomba Mungu jambo moja tu. Nikishike kitabu hiki kwa mikono yangu kabla sijafa."

Basi hilo ndilo lililomkimbiza mwalimu. Bibi alikuwa anapungua, na mwalimu alikuwa anaogopa.

Akapeleka kazi yake kwa mchapishaji. Ikarudi. Mhariri akampigia simu, "Mwalimu, unaandika vizuri, ila huyu mlevi anakuchafulia kitabu. Mtoe."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Yeye alimtoa. Alipitisha kalamu juu yake kila alipotokea, akaipeleka kazi kwa mhariri mwingine.

Siku chache baadaye, jua la saa saba mchana, alikuwa jikoni anakoroga uji wa mama. Akasikia, "Hodi!"

"Karibu!" akajibu.

Si ndivyo tunavyofanya sote? Mtu akibisha hodi, mdomo unasema karibu kabla jicho halijajua ni nani. Tumelelewa hivyo. Akatoka anafuta mikono. Nje hakuna mtu, kuku tu wanachakura. Lakini barazani kulinuka gundi ya viatu na ngozi mbichi, na mama yake alikuwa amekigeuzia uso kigoda kitupu.

"Mbona humsalimu mgeni?" bibi akauliza. "Mtu mzima amekaa hapa, unampita tu."

Mwalimu akajiambia ni uzee. Akarudi kwenye uji.

Mhariri wa pili naye akarudisha kazi. "Nani atanunua riwaya yenye mwosha maiti?" akasema. "Watu wamechoka, wanataka kupumzika. Mtoe huyo." Akamtoa. Hodi ikaja tena, mchana kweupe, sauti ya mwanamke. Mdomo ukasema karibu kabla hajauzuia. Akatoka mbio. Hakuna mtu. Lakini beseni la maji lililowekwa kando ya ukuta lilikuwa linatikisika, na hapakuwa na upepo wa kupeperusha hata jani. Bibi akasema taratibu, "Pole na kazi, dada. Keti, upumzike."

Mhariri wa tatu akasema shule hazitakichukua kitabu chenye msichana wa namna ile. Ninyi wa kwaya mbona mmetulia hivyo? Ndiyo, naye akatolewa. Hodi ya safari hii ilikuwa ya sauti nyembamba, nyuma yake mtoto mchanga analia. Mwalimu alijiziba mdomo kwa mkono, akachelewa. Neno la karibu lilikuwa limeshatoka.

Alipofika barazani alimkuta mama yake amekunja mikono kama anapakata mtoto. Hakuna mtoto. Lakini khanga ya bibi ilikuwa imebonyea katikati ya mapaja, imeshuka kwa uzito wa kitu, na bibi alikuwa anatikisa magoti polepole, "Nyamaza, nyamaza, mama yako yupo."

Wapendwa, mwalimu alitaka kupiga kelele. Lakini mtu uliyemwambia karibu, unamfukuzaje? Akaingia ndani, akawaacha barazani, wale asiowaona na mama yake asiyeona.

Sasa sikilizeni hapa. Mhariri wa nne alipiga simu akicheka. "Mwalimu, hongera! Kitabu kimekuwa chepesi, kimekuwa safi. Tunakichapa. Limebaki jambo dogo tu. Huyu bibi kipofu. Hafanyi chochote, anakaa tu. Mtoe, tutie sahihi mkataba."

"Huyo hapana," mwalimu akasema. "Kitabu chenyewe ni chake."

"Mwalimu, unataka kitabu au hutaki?"

 Mwishowe akasema, "Nataka."

Msimhukumu upesi. Alikuwa amechoka kukataliwa. Na alijiambia maneno ambayo sisi sote tungejiambia, kwamba huu ni wino tu. Mama mwenyewe yuko sebuleni, anachambua maharage, anaimba. Kitabu kitatoka, mama atakishika, hatajua kamwe kuwa hayumo. Akaketi mezani, akaanza kufuta. Akafuta jina, akafuta khanga, akafuta mikono. Alipofika mstari wa mwisho na kalamu ikapita juu yake, wimbo kule sebuleni ulikatika katikati ya neno.



Kisha kutoka nje, mbali kidogo, kama mtu aliyesimama mwisho wa uwanja, akasikia, "Hodi."

Ilikuwa sauti ya mama yake.

Aliinuka. Kiti cha sebuleni kilikuwa kitupu, ungo wa maharage umewekwa chini. Na bibi yule, jamani, hakuwa ameshuka ngazi za baraza peke yake tangu macho yalipoisha.

"Hodi," sauti ikarudia. "Samahani jamani, hapa ni kwa nani?"

Siku hiyo ndipo mdomo wake uliposhindwa kusema karibu. Maana unamwambiaje karibu mtu mwenye nyumba? Alitoka mbio bila viatu. Akamkuta mama yake amesimama juani, mikono mbele, anapapasa hewa kama mgeni ambaye hajawahi kufika pale. Akamshika. Mikono ilikuwa ya baridi.

"Mama, ni mimi. Hapa ni kwako!"

"Nimetafuta mlango sikuupata," bibi akasema. "Na wenzangu hawa wanasema wanautafuta siku nyingi." Akageuza uso nyuma yake, pasipokuwa na mtu. "Tunaruhusiwa kuingia?"

Mwalimu akalia pale uwanjani, mbele za majirani, bila aibu. Akasema, "Ingieni. Ingieni wote."

Akampigia mhariri, akamwambia, "Bibi simtoi. Na wale wengine nawarudisha." Mhariri akamjibu, "Basi tafuta mchapishaji mwingine." Simu ikakatwa.

Akaanza upya kabisa. Na hakuwarudisha tu kama walivyokuwa. Alimwuliza yule fundi kwa nini anakunywa, jambo ambalo hakuwahi kumwuliza, akaandika alichojibiwa. Alimwacha msichana aseme mwenyewe. Kikakataliwa tena, na tena. Waliomwambia sentensi ni ndefu aliwasikia, akazifupisha. Waliomwambia mwanzo unachosha aliwasikia, akauandika upya mpaka vidole vikaota sugu. Lakini aliyemwambia amtoe mtu, huyo alimwambia asante na kwaheri. Bibi alikuwa anazidi kupungua, naye anazidi kuandika, na hofu ile ile kifuani.

Mwishowe akapatikana mchapishaji aliyewakubali wote, kitabu kikachapwa. Kilikuja kwa basi, kwenye bahasha ya kaki. Bibi alikuwa kitandani, haamki tena. Akakipokea kwa mikono miwili, akakipima.

"Kizito," akasema. "Tumo wote?"

"Mmo wote, mama."

Bibi akakiweka kifuani. Tangu siku ile hakuna aliyebisha hodi pale bila kuonekana.

Nawasikia mnashusha pumzi. Bado. Mnadhani nimewaeleza habari za vitabu? Mwalimu yule alivumilia kukataliwa mara ngapi? Lakini uvumilivu wake wa kwanza ulikuwa wa kufuta watu ili akubaliwe, na sisi katika huo ni mabingwa. Kanisa letu linapendeza. Wageni wakija wanatusifu, tumetulia, tuko safi. Tumekuwa safi kwa kumtoa nani?

Haya mabenchi mliyokalia, aliyeyachonga yuko wapi? Alifiwa na mwanawe, akalewa wiki ya msiba, tukamtenga. Mimi ndiye niliyesoma tangazo hapa mbele, na ninyi mlisema amina. Nani amekwenda kwake tangu hapo? Msitazame sakafu. Nani?

Basi leo baraka ya mwisho siitoi humu ndani. Wazee, fungueni milango. Kwaya, tangulieni. Tunakwenda kwake hivi tulivyo, na mavazi yetu haya mazuri, tukasimame mlangoni pake, na safari hii sisi ndio tutakaobisha. Akikaa kimya, ana haki. Akitufukuza, tutaondoka kwa adabu. Na Jumapili ijayo tutarudi, na inayofuata tutarudi, mpaka siku atakayotufungulia.

Inukeni, twende.