Mzee Radun na Chemchemi Isiyo na Mwenyewe

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba au ya watu wanaosinzia? Paukwa tena!

— Pakawaaa!

Haya. Sasa hata mke wangu kule jikoni ameangusha sufuria. Tuendelee.

Hapo zamani za kale, ng'ambo ya bahari na bahari nyingine, palikuwa na nchi ya mawe. Msiniulize niliijuaje. Basi, niulizeni. Nilikuwa mpishi wa meli. Meli ikatia nanga chini ya milima ile, nami nikatumwa kupanda kutafuta vitunguu. Nilirudi siku ya nne. Vitunguu sikuwa navyo, na nilikuwa nimelishwa mpaka suruali ikakataa kifungo. Nahodha alinifukuza kazi palepale. Lakini kitunguu huoza, hadithi haiozi, na hii ndiyo niliyoshuka nayo.

Nchi yenyewe ni Montenegro. Wenyeji kwa lugha yao huiita Mlima Mweusi. Husimulia kwamba Mungu alipokuwa akigawa mawe duniani, alipita angani na gunia begani. Huku jiwe moja, kule jiwe moja. Alipofika juu yao, gunia likapasuka. Pwaa! Mawe yote yakamwagika hapo. Mvua ikinyesha, mawe yanainywa, inazama chini kusikojulikana. Kwa hiyo huko mtu akikuibia mbuzi, mtazungumza. Akikuibia maji, hamtazungumza.

Katika kijiji kimoja cha mlimani palikuwa na koo mbili. Watu wa Juu na watu wa Chini. Watu wa Juu walikuwa majasiri. Watu wa Chini walikuwa majasiri. Watu wa Juu walifuga masharubu. Watu wa Chini, masharubu vilevile. Walisema lugha moja, walikula jibini moja, walilia misibani kwa sauti moja. Lakini ukiwauliza, "Ninyi ni ndugu?" kila mmoja alitema mate kando. "Sisi na wale? Ushindwe!"

Baina yao palikuwa na chemchemi moja. Chururu, chururu. Kiangazi chururu, wakati wa theluji chururu. Ilitoka mwambani, hatua chache mbele ya mlango wa Mzee Radun, mtu wa Juu. Watu wa Juu walikunywa. Watu wa Chini waliomba.

"Chemchemi hii ni yetu," walisema watu wa Chini. "Babu zetu walituambia."

"Babu zenu walikuwa na kiu," walijibu watu wa Juu. "Mwenye kiu huota."

Siku ya kwanza fimbo ikainuliwa. Siku ya pili kisu kikachomolewa. Siku ya tatu kijana mmoja wa Chini akarudi nyumbani na sikio pungufu. Na huko, jamani, sikio ni salamu tu. Akifa mtu mmoja, damu yake hulipizwa vizazi saba. Wote walijua kwamba kilichobaki ni huyo mtu mmoja.

Mkubwa wa Chini aliitwa Gavro, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Akapanda juu ya mwamba akapaza sauti: "Tufuate desturi! Mtu abebe udongo!"

Desturi ilikuwa hivi. Pande la udongo hukatwa kwenye ardhi inayogombaniwa, na majani yake juu. Mzee mmoja hulitwika begani, huapa, kisha huutembea mpaka kwa miguu yake. Anapopita, ndipo mpaka ulipo. Akidanganya, ataubeba udongo huo mpaka ahera, na huko kuna mlima pia.

"Nani abebe?" wakauliza.

"Radun," akasema Gavro.

Watu wa Juu wakashangaa. "Radun ni wa kwetu!"

"Najua. Lakini mbuzi wake wakila shamba langu, yeye mwenyewe huja kujishtaki kwangu. Abebe."

Watu wa Juu wakakonyezana. Jiwe la mpaka lilikuwa pale kwa miaka na miaka, ng'ambo ya chemchemi. Radun angelifuata tu jiwe, na mambo yangekwisha.

Mzee Radun akaingia ndani kuvaa viatu. Mkewe, Bibi Stana, alikuwa anakanda unga.

"Baba Luka, utapita wapi?"

"Penye ukweli, Mama Luka."

"Na ukweli uko upande gani wa chemchemi?"

Mzee akasokota sharubu la kulia. Akasokota la kushoto. Bibi Stana akaacha kukanda. Alikuwa ameishi na masharubu yale miaka hamsini, na akajua kuna jambo.

Mzee akatoka. Wakamtwika udongo. Huku watu wa Juu, bunduki mikononi. Huku watu wa Chini, bunduki mikononi. Mzee akaapa: "Nikikanyaga uongo, udongo huu usinishuke." Akaanza kutembea. Kwa! Kwa! Kwa! Akafika kwenye jiwe la mpaka. Watu wa Juu wakatabasamu.

Akalipita jiwe.

Kwa! Kwa! Kwa! Akaingia ndani ya ardhi ya Juu. Hatua kumi. Hatua ishirini. Chemchemi ikabaki nyuma yake, upande wa Chini. Hatua thelathini. Akafika kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, akautua udongo hapo. Pu!

"Mzee, umepotea!" wakapiga kelele watu wa Juu.

"Nilipotea zamani," akasema Radun. "Leo ndiyo nimerudi. Jiwe lile lilihamishwa siku ya ukungu mkubwa. Upande mmoja alishika baba yangu, Vukac. Upande wa pili nilishika mimi. Nilikuwa nimeoa majuzi tu, na mke wangu alikuwa akichota maji mbali."

Lo! Vukac! Mnamjua Vukac ni nani? Ni shujaa wa Juu! Ndiye aliyeimbwa kwa zeze la uzi mmoja, zziii, zziii, kila harusi. Vukac aliyezuia jeshi kwenye njia nyembamba peke yake.

"Unamvua nguo baba yako kaburini!" mmoja akalia.

"Namtoa jiwe kifuani," akajibu Radun. "Limemlalia miaka hamsini. Nyimbo zake ziimbeni, ni za kweli. Ongezeni ubeti mmoja tu." Akajifuta jasho. "Adui wa mbali nimepigana nao tangu ujana. Leo mmenituma nipigane na Radun. Mshenzi yule anapiga kwelikweli."

Sasa mtadhani hadithi imekwisha. Watu wa Chini wamepata maji, wamekunywa, wamelala. Ninyi hamuwajui watu wale! Mimi ningekunywa ndoo nzima na kuuliza kama kuna nyingine. Wao?

Gavro akasema: "Mtu amemtoa baba yake hadharani kwa ajili yetu. Halafu sisi tuje na ndoo mlangoni pake, tuchote mbele ya macho yake? Watu wa Chini si fisi. Chemchemi ibaki yenu."

"Yetu?" watu wa Juu wakafoka. "Tunywe maji ya wizi baada ya watu wote kusikia? Chukueni!"

"Hatuchukui!"

"Mtachukua!"

Na wakawa karibu kupigana tena, safari hii kila mmoja akimsukumia mwenzake maji.

Haya, nisaidieni. Nikiuliza, "Maji ya nani?" mjibu, "Si yangu!" Maji ya nani?

— Si yangu!

Chururu, chururu. Hakuna anywaye. Juni ikapita. Maji ya nani?

— Si yangu!

Julai ikaingia, mawe yakawaka kama kikaango. Wanaume wakalala kivulini, midomo imekauka, heshima imejaa. Na maji ya kupikia yalitoka wapi? Kule juu kabisa, ndani ya mashimo ya mwamba, theluji ya mwaka uliopita hubaki haijayeyuka. Wanawake wakapanda kuikata, wakaibeba mgongoni imefungwa kwa majani, nusu siku kwenda, nusu siku kurudi.

"Heshima ni ya Baba Luka," Bibi Stana alisema njiani, barafu ikimdondokea shingoni, "lakini mgongo ni wangu."

Mke wangu anacheka huko jikoni. Cheka tu, mama.

Basi katika kiangazi hicho akaja Pasha. Pasha alikuwa mkubwa wa majeshi ya dola ya tambarare, dola iliyokwisha kumeza falme kumi na bado ina njaa. Ndu! Ndu! Ndu! Askari elfu tatu wakapanda mlima. Alitaka neno moja tu: wenyeji waseme kwamba wao ni watu wake. Lakini kabla ya neno, alitaka maji. Siku mbili walikuwa hawajaona tone.

Wakafika kijijini. Ndimi nje. Na mbele yao, chururu, chururu! Maji safi, baridi, yanamwagika bure juu ya mawe. Askari wakapiga yowe, wakakimbia.

"Simameni!" Pasha akanguruma. Hakuwa mjinga. Aliona mbuzi wenye kiu. Aliona wazee wenye midomo iliyopasuka, wamekaa hatua chache kutoka kwenye maji, hawayatazami. Aliona mwanamke anashuka mlimani na mzigo wa theluji.

Akawageukia watu wa Juu. "Maji ya nani haya?"

"Si yetu! Ya wale!"

Akawageukia watu wa Chini. "Maji ya nani?"

"Si yetu! Ya wale!"

Pasha akakuna kichwa chini ya kilemba. "Miaka thelathini napigana. Nimeona watu wakiuana kwa ajili ya maji. Sijapata kuona watu wanayasukuma. Nani mzee hapa?"

Mzee Radun akasimama.

"Maji haya yana sumu?"

"Hayana."

"Wewe umewahi kuyanywa?"

"Miaka hamsini."

"Basi yanywe sasa. Nikuone."

Radun akayatazama maji. Ulimi wake ulikuwa kama ngozi ya kiatu. Akayasikia, chururu. Akasema: "Siwezi. Si yangu."

Pasha akachomoa upanga, akauweka shingoni kwa mzee. "Kunywa kiganja kimoja, uishi. Kataa, ufe."

Gavro akashindwa kuvumilia. "Radun, kunywa! Nakuruhusu!"

"Unaruhusu kama mwenyewe?" Radun akamuuliza, upanga ungali shingoni. "Sema mbele ya watu kwamba chemchemi ni ya Chini, nitakunywa."

Gavro akafungua mdomo. Akaufunga. Akafungua tena. Sauti ndefu ile yote, ikakataa kutoka.

"Basi kata, Pasha," akasema Radun. "Shingo ni yangu, hiyo sina wasiwasi nayo."

Pasha akarudi nyuma hatua moja. Akayatazama maji kama mtu anayetazama nyoka. "Mtu anachagua upanga kuliko kiganja kimoja cha maji," akawaambia maofisa wake. "Naye ananiambia hayana sumu!"

"Hayana, nakwambia," akasema Radun.

"Nyamaza, mzee mwongo!"

Mara ya kwanza maishani kuitwa mwongo, na ni siku aliyosema kweli tupu! Ndu, ndu, ndu. Askari elfu tatu wakateremka walikotoka, wakitafuta mto, wakiacha mizinga njiani kwa uzito. Hawakufyatuliwa risasi hata moja.

Kisha mtu mmoja wa Juu akaguna. Mmoja wa Chini akacheka kidogo puani. Halafu wote, kwa kwa kwa, wameshikana mabega, machozi yanaingia kwenye masharubu.

Bibi Stana hakucheka. Alitua theluji yake katikati yao. Pu!

"Mmemaliza? Pasha amekwenda. Mume wangu alikuwa amekwenda pia, ilibaki shingo yake tu ikatwe. Na kesho nani atapanda kuleta theluji? Enyi majasiri, nijibuni. Mgeni akija na kiu, desturi yasemaje?"

"Hupewa maji," wakajibu kwa pamoja, Juu na Chini.

"Akikataa kunywa mkononi mwa mwenyeji?"

"Ni tusi."

"Basi Gavro, mlango wangu uko mpakani. Ukisimama hapo wewe ni mgeni wangu." Akachota kata, akampa. Gavro akatazama huku, akatazama kule. Hakuwa na pa kukimbilia. Akanywa, na ndevu zake zikanywa pia.

"Sasa," akasema Bibi Stana, "chemchemi iko upande wenu, alivyosema mume wangu. Na yeye ana kiu. Hapo mgeni ni nani?"

Gavro akaichukua kata. Akaijaza, akamnywesha Mzee Radun polepole, kama mtu anavyomnywesha baba yake mgonjwa.

Tangu siku hiyo ikawa sheria: pale hakuna anayechota kwa ajili ya kiu yake mwenyewe. Wa Juu humchotea wa Chini, wa Chini humchotea wa Juu. Ukienda peke yako, utasubiri mwenzako aje. Na watu waliosubiriana kila siku kwenye maji, wakaja kupigana bega kwa bega vita vilivyofuata. Ukiwauliza, "Ninyi ni Juu au Chini?" walijibu, "Sisi ni wa Mlima Mweusi," wakakunyooshea kata.

Mimi mwenyewe nilifika kwenye chemchemi moja kule juu, jasho linanitoka, nikainama nikinge viganja. Bibi mmoja akanichapa mkono, paa! Nikadhani nimeiba. Akachota yeye, akaninywesha, akanichekea hana meno. Ndipo akanisimulia haya.

Basi wanangu, jina la ukoo utalikuta limekungoja siku unayozaliwa. Lakini watu wako ni wale ambao mikononi mwao unaweza kunywa, na ambao kwa ajili yao uliwahi kujishtaki mwenyewe.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mke wangu sheria hii nzuri, nikakaa, nikangoja aninyweshe. Akasema, "Vizuri sana, mume wangu. Anza wewe." Mtungi ule pale, na mimi ndiye ninayeinuka.

Hadithi yangu imeteremka mlima, imefika kwenye maji, imenyweshwa, imeishia hapo.