Fundi wa Bendera wa Mwalushu

"Bendera ikichanika hushonwa, kinywa kikishonwa, nchi huchanika." Methali hiyo mmeisikia leo shuleni, mnaniuliza ilitoka wapi. Ilitoka hapa hapa Mwalushu, wajukuu zangu. Nilikuwapo, na sehemu yangu si ya kujivunia.

Palikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Milembe. Bendera ya ofisi ya tarafa ilipochakazwa na jua, ni yeye aliyeitengeneza. Mumewe, Ngollo, alikuwa kibarua wa kiwanda cha pamba. Mwaka mmoja mto ulifurika, daraja bovu la magogo likamtupa majini. Milembe hakupata hata mwili wa kuzika.

Alikuja ofisini kuomba daraja jipya. Mimi nilikuwa karani, kijana bado. Mara tatu nilimwambia, "Rudi wiki ijayo, mama."

Sikukuu ya uhuru ilipofika, alichukua bendera kuukuu, akaishonea kitambaa cheusi katikati, akajitanda, akaketi mbele ya jukwaa la wakubwa. Askari wakamwinua.

Mahakamani hakimu alimwuliza, "Mama, hujui kwamba kuidharau bendera ni kosa?"

"Sikuidharau, mheshimiwa. Nimeivalisha msiba. Nilisema kwa mdomo, hamkusikia."

Akafungwa miezi sita.

Aliporudi, hakuna aliyempelekea nguo ya kushona. Alipofika kisimani, wanawake walijitwisha ndoo ambazo hazijajaa, wakaondoka. Mimi nilipita mbele ya baraza yake kila asubuhi nikitazama viatu vyangu. Cherehani yake ilisikika bado. Baadaye tulijua alikuwa akilifumua gauni lake moja na kulishona upya, kisha akalifumua tena, ili mikono ipate kazi.

Na daraja? Nani angelitaja, baada ya kuona yaliyompata? Masika ya pili likavunjika chini ya trekta la kiwanda. Wakafa watu saba.

Wiki ile ile upepo ukaipasua bendera ya ofisi, nami nikatumwa kwa Milembe.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama kama mtu aliyesahau jinsi ya kuitikia.

"Marahaba," akasema mwishowe. Akaipokea bendera, akatunga uzi. "Masanja, wamekufa wangapi?"

"Saba, mama."

"Na mliojua daraja limeoza?"

"Sote."

Akashona hadi kingo zikakutana, akanirudishia. "Hii imepona. Bendera ikichanika hushonwa. Lakini mlinishona kinywa, na kwa hofu mkavishona na vyenu. Kinywa kikishonwa, mwanangu, nchi huchanika. Hiyo sina uzi wa kuishona."

Maneno hayo niliyasema matangani, mbele ya watu wote. Mzee mmoja aliyefiwa na binti yake akayarudia kwa sauti, kisha mwingine. Kesho yake tulikwenda ofisini kijiji kizima, na safari hii hawakuweza kutufunga sote. Daraja la saruji likajengwa.

Milembe hakulivuka. Alifariki kabla halijakwisha, peke yake, akakutwa kesho yake. Tulijaa makaburini siku ile, sisi ambao hatukumsalimu miaka miwili. Nilishika koleo, nikafukia.

Basi msiikariri tu kwa ajili ya mtihani. Bendera ikichanika hushonwa. Kinywa kikishonwa, nchi huchanika.