Kikombe Chekundu cha Modesta

Hapo zamani, nayo ni zamani ya juzi tu, mkonge ukiwa bado unakatwa na kusombwa kwa trekta, palikuwa na mwalimu wa darasa la nne, jina lake Mwanahamisi. Mpole wa sauti, mcha Mungu, sala haimpiti. Pembeni mwa darasa lake ulikaa mtungi wa maji, na juu ya mtungi kikombe kimoja cha bati. Mtoto akishikwa na kiu huchota, akanywa, akamwachia mwenzake. Mtungi mmoja, kikombe kimoja, darasa zima. Na ilikuwa desturi ya shule ile, kila muhula mtungi mpya ukiletwa, kikombe cha kwanza hunywewa na yule aliyelitendea darasa jema kuliko wote.

Basi akaja mtoto mgeni, Modesta, mjukuu wa Wamakonde wa kambi ya mkonge. Mweusi wa kung'aa. Siku ya kwanza akachota, akanywa, akarudisha kikombe mahali pake. Kombo, mchekeshaji wa darasa, akapaza sauti:

"Ebo! Nani atakunywa tena hapo? Si tutageuka masizi sote!"

Darasa likaangua kicheko. Siku ile hakuna aliyekigusa kikombe. Walishinda na kiu mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Roho ilimuuma Mwalimu Mwanahamisi. Akamkemea Kombo, Kombo akanyamaza, lakini kesho yake kikombe kikasusiwa vilevile. Mwalimu akapita dukani, akanunua kikombe cha plastiki, chekundu, kizuri, akampa Modesta mbele ya wenzake.

"Hiki chako peke yako, mwanangu. Hakuna atakayekusumbua."

Na jioni aliposali alimshukuru Mungu kwa kumwezesha kutenda jema.

Kweli, kelele zikaisha. Modesta na chake, darasa na chao. Mwalimu akaona amani. Hakuona kuwa Modesta sasa hanywi kabisa. Alikuja kushtuka siku dawati la watoto wawili lilipokaliwa na mmoja.

Huyo mmoja ni Mwanasiti, mtoto asiyesikika. Yote aliyaona, hakusema kitu. Sasa, wenzake wakicheza nje, akamwendea mwalimu.

"Mwalimu, Modesta harudi. Bibi yake anamtafutia kazi ya kuanika katani."

"Kwa sababu ya Kombo?"

Mwanasiti akainamisha kichwa. "Kombo alisema tu, Mwalimu. Kikombe ulinunua wewe."

Mwalimu akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. Kisha akashika njia ya kambini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umefuata kikombe chako? Kile pale, hakijapasuka."

"Nimefuata radhi, bibi. Nilidhani namlinda, kumbe nimemtenga."

"Mimi nakunywa kwangu kila siku, aliyetengwa si mimi," akasema bibi. "Mwombe mwenyewe."

Modesta akatoka ndani, akamtazama mwalimu wake. "Utasema hivyo hivyo mbele yao?"

"Nitasema."

"Watakucheka."

"Wacheke."

Asubuhi yake Mwalimu Mwanahamisi akasimama mbele ya darasa, Modesta amerudi dawatini. "Wanangu, nimekosa. Kombo alimtukana mwenzenu kwa mdomo, mimi nikamtukana kwa mkono. Namwomba Mungu anisamehe, na namwomba Modesta." Akakitoa kikombe chekundu alichorudi nacho kutoka kambini, akakitia chaki zake.

Modesta akauendea mtungi. Akachota kwa kikombe cha bati, akanywa, akakijaza tena, akawanyooshea wenzake. Hakuna aliyejongea.

Kombo akainuka.

Kaka yake wa darasa la saba alikuwa akichungulia dirishani, na maneno ya masizi yalitoka kwake. "Wewe! Ukinywa hicho, leo hulali chumbani kwangu!"

Kombo akakipokea. Akanywa mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo. "Mbona maji yale yale?" Nyuma yake wakapanga foleni. Mtungi mmoja, kikombe kimoja, darasa zima.

Muhula mwingine ulipofunguliwa, ukaletwa mtungi mpya. Mwalimu akachota kikombe cha kwanza. Ampe nani?

"Mimi," akasema Mwanasiti, na sauti yake safari hii ilisikika. "Nisingesema, Mwalimu angekuwa bado anadhani ametenda jema."

"Na ulinyamaza muda wote ule!" wenzake wakamrukia. "Ulimwona mwenzako ana kiu!"

"Nipeni mimi," akasema Kombo. "Kwa maji yale nimelala jikoni na paka."

"Na masizi aliyaleta nani, mwenye paka?"

"Basi apewe Mwalimu! Mtu mzima gani huwaomba radhi watoto?"

Mwalimu akatikisa kichwa. "Mimi nilifuta nilichochafua. Msinipe."

"Basi Modesta! Aliumizwa, na bado akarudi, tena akatuchotea!"

Wote wakamgeukia. Modesta akarudi nyuma hatua moja. "Nikinywa peke yangu, nyote mkinitazama," akasema, "si ndicho kikombe chekundu tena?"

Mwalimu Mwanahamisi amesimama, kikombe kimejaa, maji yanamdondokea miguuni, na mtungi hauchotwi tena mpaka mmoja anywe kwanza.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, kishikeni kikombe. Je, nani alistahili?