Mfalme Aliyeupitia Ubao wa Moshi

Kho. Kho-kho. Halafu kimya, halafu mluzi mwembamba, fiiii, mfano wa birika linalokaribia kuchemka.

Siwema akakurupuka. Ulikuwa usiku wa manane, moto umezimwa zamani, wala hapakuwa na birika lolote mekoni. Mluzi ule ulitoka kifuani mwa Zawena, mwanawe wa miaka miwili na nusu, amelala chali, mdomo wazi, mbavu zinaingia na kutoka, zinaingia na kutoka.

Akamwinua, akamlaza begani, akampapasa mgongo, na moyo wake ukaanza kushuku kila kitu. Akaushuku mto, labda una vumbi. Akamshuku jirani aliyemsifu mtoto juzi bila kusema mashallah. Akaushuku hata mchuzi wa mchana. Mwisho akafungua dirisha mtoto apate hewa, na hewa iliyoingia ikamfanya yeye mwenyewe akohoe mpaka machozi yakamtoka.

Hapo akaacha kushuku vingine.

Mji ule uliitwa Chokaani. Matanuri ya mfalme yalichoma mawe mchana na usiku kupata chokaa, na kila nyumba nyeupe unayoijua wewe ya mji ule ilitoka kwenye matanuri hayo. Moshi nao ulitoka humohumo.

Lakini mji haukuwa bila sheria. Katikati ya uwanja wa soko palisimama ubao mrefu wa mninga uliopakwa mabaka matano, la kwanza jeupe, la mwisho jeusi kama tako la chungu. Kila asubuhi mlinzi wa moshi alisimama hapo, akautazama moshi, akautazama ubao. Moshi ukilingana na baka la tatu, au ukiwa mweupe kuliko hilo, matanuri yanaendelea. Ukizidi weusi wa baka la tatu, yanazimwa siku hiyohiyo. Na sheria ikaongeza: kila mwaka wa tano mfalme ataupitia ubao pamoja na waganga. Maana yake kila mtu aliijua, kwamba atauchunguza upya aone kama baka la tatu bado linafaa kwa vifua vya watu.

Kulipopambazuka Siwema akambeba mtoto mgongoni, huyo kwa mlinzi wa moshi.

"Shikamoo, Mzee Feruzi."

"Marahaba, Mama Zawena. Mbona mapema, kunani?"

"Moshi wa jana usiku ulikuwa baka la ngapi?"

"La tatu," akajibu bila hata kugeuka. "Na juzi la tatu. Na mwaka jana la tatu. Nina miaka minane hapa, la nne silijui."

"Na mwanangu anapiga mluzi kifuani."

"Basi huyo atakuwa mpiga zumari." Alipouona uso wa mama yule, kicheko kikamkauka. "Samehe, mwanangu. Ubao ndio ulioruhusu. Mimi ni macho tu."

"Na huu ubao wenyewe, mfalme aliupitia lini?"

Feruzi akatazama kushoto, akatazama kulia, akajifanya kukohoa, kisha akakohoa kweli. "Hilo usiniulize mimi mwenye watoto saba."

Mtu aliyeulizwa siku akakujibu idadi ya watoto wake, huyo ana jambo. Siwema akaenda moja kwa moja barazani kwa kadhi. Kadhi akafungua daftari, akalamba kidole, akapekua.

"Ubao ulipitiwa miaka sita iliyopita, imeandikwa. Kwa hiyo mfalme amechelewa mwaka mmoja. Binti, shauri unalo. Mfalme ana siku saba za kujibu."

Siwema alitarajia askari. Alilala na mchi karibu na mlango. Siku ya tatu, alasiri, hodi ikapigwa, na aliyesimama nje hakuwa askari, alikuwa Mwinchande, karani wa mfalme, mwenyewe kwa kanzu yake, mkononi ameshika kifurushi cha halua.

"Mama Zawena, kwa nini tuchoshane barazani? Tuyamalize kwa mapatano." Akakunjua karatasi, akasoma kwa sauti tamu: "Mfalme ataupitia ubao pamoja na waganga kabla mwezi haujaandama. Siwema ataondoa shauri. Wala hatamwambia mtu mwingine habari za mapatano haya."

"Kwa nini nisiseme?"

"Ukisema, kesho atakuja wa kisima, keshokutwa wa mizani, kila mtu na lake lililochelewa. Mfalme naye atalala saa ngapi?"

"Mimi pia silali, Karani."

Karani akacheka, lakini macho yake hayakuwamo kwenye kicheko. Siwema akaliona hilo. Alikuwa amejiandaa kuvutana naye miezi, na huyu anampa kila alichoomba, tena na halua juu yake!

"Niachie karatasi mpaka kesho nifikirie."

"Kesho tu. Haya, kula halua, ni ya ufuta hiyo."

Hakuila. Aliimega kipande akakiweka dirishani, akakaa kuwatazama sisimizi. Wakaja, wakala, wakabeba, hakufa hata mmoja. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Ikiwa halua haina sumu, basi sumu imo kwenye karatasi.

Akaisoma mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Maneno yalikuwa yaleyale ya sheria. Akakumbuka daftari la kadhi. Miaka sita iliyopita, nani alidai? Akauliza huku na huku, akaelekezwa kwa Bi Kirembo, msusi wa mikeka, mjane.

Bi Kirembo hakuacha ukili wake hata kidogo. "Walikuletea tende au halua?"

"Halua."

"Basi umenipita daraja. Mimi tende, tena zina wadudu. Ilikuwa kwa ajili ya mume wangu, kifua. Karani akaniandikia, mfalme ataupitia ubao pamoja na waganga. Nikatia kidole. Ijumaa ile ngoma zikalia, mfalme huyo juu ya punda wake mweupe, waganga wawili nyuma yake, wanaupitia ubao. Wanaupitia, mwanangu! Hivi." Akapitisha kiganja mbele ya pua ya Siwema, fyuu. "Hakushuka wala hakugeuza shingo. Nikaenda kwa karani nalia. Akaniambia, 'Bibi, si ulitaka aupitie? Ameupitia. Ukitaka apite tena, ngoja miaka mitano.'"

Siwema akalirudia moyoni: ataupitia. Neno moja tu, neno analolisema kila siku akienda sokoni kumpitia shoga yake.

"Na wewe hukuwaambia watu?"

"Niliahidi nitanyamaza, nami niliogopa kuvunja ahadi." Vidole vya Bi Kirembo vikasimama. "Mume wangu alikufa nimenyamaza hivyohivyo. Ahadi nimeivunja leo, na wewe ndiye wa kwanza kusikia."

Usiku ule Zawena hakuweza kulala chali kabisa. Siwema akaketi naye, kifua kwa kifua, akausikiliza ule mluzi, na akilini anapanga maneno, anayapangua, anayapanga tena. Kila neno aliliuliza: wewe una mlango wa nyuma? Ataangalia? Mtu anaweza kuangalia akiwa juu ya punda. Atachunguza? Kwa mbali je? Mwisho akakumbuka alivyofunzwa na mama yake alipokuwa mdogo, kwamba chombo hukijui kama kimepasuka mpaka ukipanguse.

Alfajiri alikwenda kisimani. Akautua mtungi, akawaambia wanawake yote, punda, tende, halua, fyuu ya Bi Kirembo, na Ijumaa aliyokusudia kumtaka mfalme ashuke. Hakumwagiza mtu akaseme. Watu wa kisimani tangu lini wakaagizwa? Adhuhuri haijafika, habari ilikuwa imewafikia mpaka wachoma chokaa wenyewe, waliokohoa kuliko wote.

Adhuhuri karani akaja na wino.

"Neno moja tu sitaki," Siwema akasema. "Hapo penye 'ataupitia', andika hivi: atashuka kwenye punda, atasimama mbele ya ubao, ataupangusa kwa mkono wake, na pamoja na waganga atatamka kama baka la tatu linafaa au halifai. Ijumaa hii, baada ya swala."

Karani akayapima maneno yale moja moja. Alijua yanamtoa mfalme kwenye punda, lakini aliwaza pia, uwanja utakuwa mtupu, nani atakayemwona? Kisha akacheka. "Kupangusa! Nyinyi wanawake na vumbi! Haya, nimeandika. Ila neno la kunyamaza libaki. Hutamwambia mtu mwingine."

"Mtu mwingine," Siwema akarudia polepole. "Libaki hivyohivyo, Karani. Usiligeuze hata herufi."

Alasiri hiyo, Jumatano, wakatia sahihi mbele ya kadhi.

Ijumaa mfalme alikuja bila ngoma. Karani alimwambia ni jambo la dakika mbili, hapatakuwa na mtu. Punda akakata kona ya soko, na uwanja mzima ulikuwa umejaa, wanawake, wazee, wachoma chokaa na nyuso zao nyeupe za unga wa mawe, Bi Kirembo ameketi mbele kabisa juu ya mkeka ambao bado haujamalizika. Hakuna aliyepiga kelele. Kilichosikika ni kikohozi tu, huku kimoja, kule kimoja.

Mfalme akamtazama karani. Karani akautazama mchanga.

Kadhi akakunjua karatasi. "Imeandikwa utashuka, bwana wangu."

Mfalme akashuka. Siwema akampa kitambaa kibichi, kipande cha kanga yake iliyochakaa. Mfalme akakipitisha kwenye baka la tatu, mara moja, kwa kidole na gumba, kama anayeshika samaki aliyeoza.

Kitambaa kikageuka cheusi.

Akapangusa tena. Weusi ukachuruzika mpaka kwenye kiwiko chake, na pale chini likaanza kutokea baka ambalo vijana wa mji hawakuwahi kuliona maishani mwao: kijivu chepesi, laini, rangi ya shingo ya njiwa. Hilo ndilo baka la tatu walilopaka mababu. Lile ambalo Feruzi alilitumia kupimia moshi miaka minane lilikuwa masizi. Kila moshi ulipozidi kuwa mweusi, uliupaka ubao weusi uleule, na kila asubuhi vikalingana.

Hata Siwema hakulitegemea hilo. Alishuku punda, alishuku karatasi, alishuku halua. Ubao hakuushuku.

Feruzi akalipangusa baka la nne kwa kiganja, akautazama moshi. Akautazama ubao. Akautazama moshi tena.

"Mlinzi," kadhi akamwita, "leo ni baka la ngapi?"

"La... la nne, kadhi. La nne, tena linakwenda la tano. Wallahi sikuwa nasema uongo."

"Na sheria inasemaje?"

"Yazimwe. Siku hiyohiyo."

Waganga wakanong'ona na mfalme, mmoja wao anakohoa huku ananong'ona, na mfalme akatamka yale aliyofungwa na karatasi ayatamke: baka la tatu halifai, mpaka mpya utakuwa baka la pili. Wachoma chokaa hawakungoja amri ya mara ya pili. Wakakimbilia matanuri na ndoo za mchanga, na moshi juu ya Chokaani ukaanza kukatika vipande vipande.

Hapo Mwinchande karani akapata sauti yake. "Amevunja mapatano! Bwana wangu, mwanamke huyu aliahidi hatamwambia mtu mwingine, na tazama! Mji mzima!"

Kuvunja mapatano ya mfalme ni kifungo, na Siwema alijua. Akairudisha mbeleko mabegani, akamsogeza mtoto.

"Niliahidi Jumatano alasiri, Karani. Waulize hawa niliwaambia lini."

"Alfajiri!" wakaitika wanawake wa kisimani. "Jumatano alfajiri, mitungi hata haijajaa!"

"Tangu nitie sahihi sijafungua kinywa. Uliandika 'mtu mwingine'. Nami sijamwambia mwingine."

Mfalme akaitazama mikono yake myeusi. Alikuwa amewahi kuupita ubao kwa neno moja, na sasa neno moja lilikuwa limempita yeye. Hakucheka, wala hakumsamehe, lilionekana machoni mwake.

"Ahidi tena," akasema. "Hapa, mbele yangu, wote wasikie."

Siwema akausikiliza mgongo wake. Mluzi wa Zawena ulikuwa bado upo, lakini umekuwa mwembamba, na mtoto alikuwa amesinzia. Akageuka taratibu, akaupitia uwanja uso kwa uso, safu kwa safu, aone kama yuko hata mmoja wa mji ule aliyebaki nyumbani. Hakukosekana hata mmoja, wote walikwisha sikia. Akainua mkono wa kulia.

"Naahidi, bwana wangu. Sitamwambia mtu mwingine."

Funzo: Anayekubali madai yako upesi, msome neno kwa neno kabla hujatia kidole, na kipimo kisichopanguswa humtetea mwenye moshi.