Pembe za Eunike

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakienda kanisani kuliko sisi, palikuwa na binti wa ukoo wa Digidigi, jina lake Eunike. Miguu yake ilikuwa myembamba kama kijiti cha mswaki, lakini akili, jamani! Aliimba kwenye kwaya, na siku zote alifunga kilemba, maana mabinti wa kanisa lile hawakutoka kichwa wazi.

Sasa kanisa lile lilikuwa na desturi yake. Mwanamume akitaka mchumba hakuhangaika kumchunguza wala kumwuliza. Alisema tu, “Nimeoteshwa,” basi, imekwisha! Wewe ni nani umbishie Mungu? Aliyebisha alitengwa: kwaya haimtaki, majirani hawamsalimii, hata chumvi haazimwi. Desturi nzuri sana, hasa kwa waotaji.

Asubuhi moja mlango ukagongwa, ngo ngo ngo! Ni Mzee wa Kanisa, Simba. Simba alikuwa mcha Mungu kwelikweli. Hakuwahi kumla jirani bila kushukuru kwanza.

“Bwana asifiwe, binti.”

“Amina. Shikamoo, Mzee.”

“Ah! Shikamoo ya nini tena? Nimeoteshwa. Wewe ndiwe mke wangu. Hata sufuria nimeonyeshwa.”

Baba yake Eunike, aliyejificha nyuma ya pazia, akachungulia. “Mwanangu, kubali,” akanong'ona. “Ukikataa tutatengwa sote.”

“Na nikikubali nitaliwa, baba.”

“Lakini utaliwa ukiwa na ndoa takatifu.”

Eunike alimtazama baba yake, moyo ukamuuma. Alimpenda, ila aliona wazi kwamba hapo hakuna mtetezi. Kabla hajajibu, nyumba ikatikisika, tii! tii! tii! Kiboko, mwimbaji wa besi, akaingiza kichwa. Sehemu nyingine zilibaki nje.

“Haleluya! Nimeoteshwa!”

“Na wewe?” Simba akanguruma. “Huyu nimeoteshwa mimi!”

“Usiku gani?”

“Wa jana!”

“Mimi wa juzi! Nimekutangulia!”

“Wapendwa,” Eunike akasema kwa sauti ya kinyenyekevu, ile ambayo mama yake alikuwa akiiogopa, “msigombane. Jumapili kila mmoja atoe ushuhuda mbele ya kanisa. Mwenye ndoto kamili ndiye mume.”

Wakakubali. Eunike akamvuta Simba pembeni.

“Mzee, niambie kweli. Kwenye ndoto uliziona pembe zangu? Maana hapa nimezifunika.”

Simba hakuwahi kumtazama Digidigi jike ila kama kitoweo. “Pembe? Niliziona kabisa! Nzuri ajabu!”

“Ile ya mbele ndefu, na ile ya nyuma fupi?”

“Hizo hizo!”

Eunike akaenda kwa Kiboko na swali lile lile. Macho ya Kiboko yalikuwa mazima, tatizo ni kwamba aliyamalizia kwenye sahani. “Weee! Pembe zile zilinifanya nilie usingizini,” akasema.

Jioni akaja Filemoni, Digidigi mwenzake, kijana aliyeimba kwaya bila kuipata sauti hata siku moja.

“Na wewe umeoteshwa?” Eunike akamwuliza.

“Mimi? Hapana. Kwetu kunguni wengi, ndoto zinapata wapi nafasi? Nimekuona unavyocheka na unavyobishana, nikakupenda. Nimekuja kukuuliza, nawe ukatae ukitaka.”

“Na pembe zangu unazionaje?”

“Pembe gani? Jike wa Digidigi ana pembe? Eunike, una homa?”

Eunike akacheka mpaka akakaa chini. Hakumjibu siku ile, ila usingizi wake ulikuwa mtamu.

Jumapili kanisa likafurika. Mchungaji Korongo akasimama na joho lake jeupe, akawaita mashahidi.

“Nilimwona!” Simba akanguruma. “Ana pembe mbili! Ya mbele ndefu, ya nyuma fupi!”

“Hata mimi!” Kiboko akavuma. “Ya mbele ndefu, ya nyuma fupi! Tena ziling'aa!”

“Amina,” likaitikia kanisa, ingawa ukoo mzima wa Digidigi ulianza kutazamana.

Eunike akasimama. Akafungua kilemba taratibu, fyuu, kikaanguka. Kichwa laini, masikio mawili, basi.

“Kwa kwa kwa!” kanga wakaangua kicheko.

“Zitachipua!” Simba akapayuka. “Tumwamini Mungu!”

“La hasha, wapendwa,” Eunike akasema. “Nani athubutu kusema wazee hawa wamedanganya? Ndoto ni ya kweli. Ila tu aliyeonekana si mimi. Mwenyewe ana pembe mbili, ya mbele ndefu, ya nyuma fupi.”

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Pale alikaa Mama Kifaru, mjane, benchi zima peke yake. Alikuwa amezika waume wawili, na ilisemekana wote walikufa kwa kukumbatiwa.

“AMINA!” Mama Kifaru akainuka, benchi likapumua. “Nilijua Bwana hatanisahau! Tena kaniletea wawili, nichague!”

“Mchungaji,” Simba akasema, mkia katikati ya miguu, “nadhani usiku ule nilikula vibaya.”

“Unambishia Mungu, Mzee?” Korongo akauliza, na kwa mara ya kwanza alionekana kuifurahia kazi yake. “Adhabu yake unaijua. Mliipitisha wenyewe.”

“Ndoto ya Kiboko ni kamili kuliko yangu! Ziling'aa, kasema mwenyewe!”

“Mimi nilisinzia tu!” Kiboko akalia. Akatoka mbio na fremu ya mlango shingoni, chubwi! mpaka mtoni. Ndiyo maana hadi leo anashinda majini, ametoa pua tu, akichungulia kama Mama Kifaru amepita.

Simba hakuwahi kufika mlangoni. Mama Kifaru alikwisha mkumbatia.

Desturi ya kuoteshwa ikafa siku ile ile, wala hakuna aliyeililia. Filemoni akaulizwa na Eunike, mbele ya watu, kama swali lake bado lipo. Likawa lipo.

Basi, wanangu, anayetaka kukuoa na hajawahi kukutazama, usimkubali hata akija na jina la Mungu mdomoni.