Mabwawa Saba, Vichwa Vitatu

Paukwa!

Pakawa!

Aa, sauti gani hizo, za kuku wa mdondo? Paukwa!

PAKAWA!

Hayo ndiyo. Hapo zamani za kale, mamba alipokuwa akihamahama kama mpangaji mkorofi, palikuwa na mabwawa saba. Lipi lina mamba, lipi salama? Aliyejua ni Kasuku peke yake. Ukimwuliza, jibu hilo, pwaa! Kisha Kasuku akaugua koo. Krr, krr, neno halitoki. Msitu mzima ukashinda na kiu.

Wanyama wakasema, "Habari zikae katika vichwa vitatu: Kasuku, Kanga, na Mzee Kobe. Mmoja akiugua, wawili wapo." Mpeleka habari kutoka mabwawani akawa Chozi, kale kandege kadogo. Fyuu huku, fyuu kule.

Kasuku akapona. Siku moja Bi Paa, na wanawe wawili ndimi nje, akabisha kwa Kobe, jirani yake.

"Shikamoo, mzee. Bwawa la Matete likoje?"

"Marahaba, mwanangu. Salama."

Wakashuka, tiki-tiki-tiki. Kanga akawaona. "We mama! Wapeleka watoto wakaliwe? Mamba yuko Matete tangu asubuhi!"

Bi Paa akasimama. Maji anayaona. Kitinda mimba analia. Amwamini nani?

"Twendeni kwa Kasuku. Wawili wakipatana, tutakunywa."

"Mama, mbali!"

"Tumboni mwa mamba ndiko mbali, kipenzi."

Wakapanda kilima, wakafika hoi. Kasuku akasema, "Matete kuna mamba. Nendeni Mkindu." Kanga, aliyewafuata kwa umbea wake, akadakia, "Ehee, Mkindu!" Wakanywa, gubu-gubu-gubu, hadi matumbo ngoma.

Chozi akamwendea Kobe. "Mzee, si nilikuambia?"

"Uliniambia salama!"

"Nilisema, 'Salama, ila mamba kahamia Matete'!"

Loo! Mstaarabu huanza na salama hata nyumba ikiungua. Kobe alisikia "salama", akaingiza kichwa gambani, kop! "Ila" ikabaki nje.

Bi Paa aliporudi akacheka, akamfuta babu wa watu vumbi gambani. Tangu hapo kila kichwa humrudishia Chozi maneno yote, neno kwa neno. Chozi hulalamika mabawa yanamuuma. Na yaume! Watoto wa Paa wazima.

Basi jueni: habari ikikaa katika kichwa kimoja, hupatikana upesi na hupotea upesi. Ikikaa katika vichwa vingi haipotei, lakini kuvipatanisha ni kazi, na lazima usubiri.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kiu, mtungi ule pale.