Sauti ya Nyuma ya Goli

Usufi ni mwepesi. Jaza kanda zima, ule mfuko wa ukili, mpaka mdomoni, ulishone, na mtoto wa miaka mitano atalinyanyua huku akiimba. Ndiyo maana waliotutangulia waliposema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hawakuwa wakiuzungumzia mzigo. Walikuwa wakimsema mtazamaji. Mzigo ulio kichwani mwa mwingine huonekana hauna kitu ndani. Tukimwona mwenye nao anayumba, tunamcheka na kumwambia akaze mwendo.

Bi Mkasi aliijua methali hiyo tangu shuleni. Aliwahi hata kuiandikia insha akapata alama nzuri. Lakini kuieleza methali si kuionja.

Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo, mnene wa mwili na mkubwa wa sauti. Jina hilo alipewa kwa sababu mbili: alikata kitambaa bila kupiga mstari wa chaki, na alikata maneno bila kupima. Dukani mwake alifanya kazi na mdogo wake wa kuzaliwa, mwanamke mkimya ambaye sehemu yake ilikuwa vifungo, matundu na mapindo. Mkubwa alikata na kuunga, mdogo akamalizia. Kwa miaka kumi na tisa walikaa wakielekeana katika chumba kile chembamba, magoti yao yakikaribia kugusana, na wateja walikuwa na utani kwamba nguo za hapo huzaliwa na mama wawili.

Mlango wa pili ulikuwa wa kinyozi. Nje ya kinyozi palikuwa na benchi refu, na juu ya benchi hilo ndipo lilipokuwa tawi la mashabiki wa timu ya mji. Bi Mkasi alikuwa mwenyekiti wake. Siku za mechi alisimama mahali pamoja tu, nyuma ya goli, na sauti yake ilikuwa haihitaji tarumbeta. Akianzisha wimbo, jukwaa zima linaupokea. Akianzisha kuzomea, ni vivyo hivyo.

Msimu uliotangulia timu ilikuwa imemsajili mshambuliaji kijana, mrefu, mwenye mbio za ajabu. Bi Mkasi ndiye aliyembatiza jina la Mshale. Kijana akafunga mabao ishirini na mawili, na akina mama wakaanza kumwombea dua kama mtoto wao. Msimu wa pili mabao yakakauka kama kisima cha kiangazi. Mechi ya tano, ya nane, ya kumi na nne, hakuna kitu. Mpira ukimfikia, alisimama akautazama kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua. Siku alipokosa penalti, aliupiga mpira taratibu mno, kipa akauokota kama anaokota embe. Ndipo Bi Mkasi aliponyanyua mikono miwili na kuanza kuzomea. Kabla ya pumzi tatu uwanja wote ulikuwa unazomea.

Wiki iliyofuata klabu ilitangaza kwamba Mshale amepewa mapumziko ili ashughulikie afya yake ya akili, na kwamba mshahara wake utaendelea.

Benchi la kinyozi likachemka.

"Afya ya akili," kinyozi alisema, mashine ikinguruma juu ya kichwa cha mteja. "Mimi nikiamka sina hamu ya kunyoa, nani ataniandikia likizo?"

"Tena likizo yenye mshahara," fundi baiskeli akadakia. "Fedha yake ya mwezi mmoja, mimi naziba pancha miaka minne na siifikii."

Mwalimu mstaafu alikuwa akisubiri zamu yake, gazeti magotini. "Kwani mshahara ni dawa?" akauliza. "Mtu akiumwa jino, ukimwongezea mshahara jino linapoa?"

"Jino linaonekana, Mwalimu." Hiyo ilikuwa sauti ya Bi Mkasi, aliyekuwa amesimama mlangoni pake, futi ikining'inia shingoni. "Akifungua mdomo tunaliona limetoboka. Huyu ametoboka wapi? Miguu mizima, nyumba anayo, gari analo. Angekuwa amefiwa, ningekuwa wa kwanza kwenda kumpa pole. Huu ni uvivu uliovaa miwani."

Benchi likaangua kicheko.

"Huwezi kujua, Bi Mkasi," Mwalimu alisema kwa upole. "Kuna mtu anaamka asubuhi, na kuvaa kiatu tu kunamshinda."

"Basi avae ndala."

Wakacheka tena, hata mteja aliyekuwa ananyolewa akatikisika, kinyozi akamshika kichwa asije akamchana. Ndani ya duka, mdogo mtu aliuma uzi akaukata. "Dada," alisema bila kuinua uso, "mwache kijana wa watu."

"Wewe shona vifungo vyako."

Jioni ile ile Bi Mkasi aliandika barua kwa uongozi wa klabu. Aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa mwandiko uliolala vizuri, akieleza kwamba mashabiki hununua tiketi kwa jasho lao, kwamba asiyefanya kazi na asile, na kwamba Mshale asitishiwe mshahara mpaka arudi uwanjani. Asiporudi, mkataba uvunjwe. Alizunguka nayo wiki nzima akapata saini mia mbili na kumi. Mwalimu alikataa. Mdogo wake hakukataa. Alisema tu kwamba mikono yake ina mafuta ya cherehani, ataichafua karatasi. Bi Mkasi akaipeleka mwenyewe ofisini kwa katibu, akarudi akitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Hazikupita wiki tatu. Jumanne mdogo wake alilalamika kichwa kinamgonga. Alhamisi alilazwa. Jumapili walimzika.

Watu walijaa. Kinyozi alifunga kazi siku mbili, fundi baiskeli alibeba viti, wanachama wa tawi walikesha naye na kumsemesha. Mwezi wa kwanza kila aliyepita dukani aliingia kumshika mkono. Bi Mkasi aliwashukuru, akalia alipopaswa kulia, na watu wakasema amejikaza kiume.

Kisha akarudi kazini. Palikuwa na oda ya sare za shule, kaptula arobaini na mashati arobaini. Alikitandaza kitambaa juu ya meza, akashika mkasi, na mkono haukwenda. Alikitazama kitambaa. Hakuona kaptula ndani yake, jambo ambalo halikuwa limewahi kumtokea maishani. Aliona rangi ya bluu tu, pana, isiyo na mwanzo wala mwisho. Aliuweka mkasi chini, akakaa mpaka saa ya kufunga. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Alidhani ni uchovu. Alikunywa chai kali, akapiga dua, akajitukana kwa sauti. Mkono haukwenda.

Nyumbani chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni. Mumewe, fundi bomba, mtu wa maneno machache, alimwambia, "Jikaze, mama watoto." Akajikaza. Kadiri alivyojikaza ndivyo alivyozidi kuzama, kama mtu anayepiga mateke ndani ya tope. Mechi zikachezwa bila yeye. Redio ilipotangaza mabao aliomba izimwe, maana kelele za uwanja zilimpasua kichwa.

Mwezi wa tatu wa msiba ulipoingia, subira ya watu ilianza kwisha. Mkuu wa shule alikuja akachukua vitambaa vyake kwa hasira, akampelekea fundi mwingine. Siku hiyo hiyo Bi Mkasi alikuwa amekaa gizani mwa duka, mlango umeegeshwa, aliposikia benchi likizungumza.

"Kufiwa tumefiwa wote," ilikuwa sauti ya kinyozi. "Mimi nilimzika mama Ijumaa, Jumatatu nikanyoa."

"Mikono anayo, cherehani anayo," akasema fundi baiskeli. "Wateja wanamfuata mlangoni. Sasa huo ni msiba au ni likizo?"

Hawakusema kwa ubaya. Walisema kama watu wanaojadili hali ya hewa, na mmoja akacheka kidogo. Bi Mkasi aliusikia ule mcheko ukimwingia mbavuni. Alitaka kufungua mlango awaambie. Awaambie nini? Asubuhi ile alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda kwa saa nzima, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na hakuweza kueleza, hata kwa nafsi yake, ni nini kilichomzuia kuinama.

Mwalimu ndiye aliyeusukuma mlango. Alikuja kuulizia suruali yake, akaikuta imekunjwa vile vile alivyoileta. Alivuta kile kiti cha mdogo mtu kilichokuwa kitupu, kisha akakirudisha alipokitoa, akachuchumaa mbele yake.

"Nenda hospitali kuu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Jengo la nyuma, mlango wa kijani, siku za Jumatatu. Mimi nilikwenda mwaka niliostaafu. Sijamwambia mtu mpaka leo."

"Wataniona nimepata wazimu, Mwalimu."

"Wamekwisha kuona umepata uvivu. Chagua."

Jumatatu Bi Mkasi alijifunika mtandio mpaka machoni akaenda. Nje ya mlango wa kijani palikuwa na benchi la mbao, na watu walioketi hapo walitazama sakafu. Alijibanza kando ya kijana mrefu aliyevuta kofia usoni, magoti yake yametokeza mbele kama ya panzi. Muuguzi alitokeza akauliza nani mgeni. "Ni mimi hapa," Bi Mkasi alijibu.

Kijana aligeuka ghafla. Chini ya kofia palikuwa na uso uliokonda, lakini Bi Mkasi aliutambua mara moja. Aliwahi kuushona kwenye bendera.

"Sauti hii naijua," Mshale alisema. "Ni ya nyuma ya goli."

Bi Mkasi aliuvuta mtandio chini zaidi.

"Nilikuwa naisikia hata nyumbani," kijana aliendelea. Hakuwa na hasira. Alisema kama anayemweleza daktari mahali panapouma. "Nikilala naisikia. Nikifungua bomba naisikia." Aliinua ukingo wa kofia. "Umemleta nani, mama?"

"Nimejileta."

Mshale akasogea kumwongezea nafasi.

Bi Mkasi alisema, "Mimi nimefiwa na mdogo wangu. Na wewe, mwanangu, ulipatwa na nini?"

"Kila mtu ananiuliza hivyo. Kocha, katibu, hata baba yangu. Ningekuwa na kitu cha kuwaonyesha ningeshukuru." Alifungua viganja vyake, akavitazama. "Hakuna aliyekufa. Siku moja niliamka nikakuta kila kitu kizito. Mpaka mpira. Mnasema mshahara mkubwa. Kweli ni mkubwa. Nikawa nauona kila mwisho wa mwezi, naona nimeiba."

"Ile barua," Bi Mkasi alisema, na sauti yake iliyokuwa ikijaza uwanja haikufika hata mwisho wa benchi. "Ya kukukata mshahara. Niliiandika mimi."

"Najua. Walinisomea yote, na majina."

"Nisamehe, mwanangu."

Mshale alifikiri kabla ya kujibu, kama mtu asiyetaka kutoa ahadi asiyoiweza. "Nimekusikia, mama. Lakini kwa sasa sina pa kuiweka samahani yako. Hata nikisema nimekusamehe nitakuwa nakudanganya." Muuguzi akaita. Kijana akainuka taratibu, akiegemeza mkono ukutani kama mzee, mlango wa kijani ukafungwa nyuma yake.

Jumatatu iliyofuata hakumkuta. Wala iliyofuata hiyo. Mwishoni mwa mwezi kinyozi alisoma gazetini, kwa sauti ili benchi zima lisikie, kwamba klabu imevunja mkataba wa Mshale kutokana na shinikizo la mashabiki, na kwamba mchezaji ameondoka mjini bila kusema aendako.

"Barua imefanya kazi," kinyozi alisema. "Mwenyekiti, tupe neno."

Bi Mkasi alikuwa mlangoni. Siku hizo aliweza kushona nusu siku, nguo moja moja, na mapindo aliyafanya mwenyewe kwa shida, maana hakuyazoea. Wote walimgeukia wakingoja akate.

"Nimekaa naye benchi moja," alisema.

Fundi baiskeli alicheka, akidhani ni utani wa mpira. Bi Mkasi hakucheka. Akawaambia ni benchi gani, mlango gani, siku gani, na kwamba bado anakwenda. Akawaambia kuhusu kiatu. Aliwaambia pia kwamba aliwasikia siku ile walipomsema, na kwamba hawakusema lolote ambalo yeye hakuwahi kulisema kabla yao, tena kwa kelele zaidi.

Mwalimu alikunja gazeti lake mara mbili. Fundi baiskeli alitazama grisi iliyo kwenye kucha zake. Kinyozi aliwasha mashine, na mngurumo wake ukaziba mahali ambapo neno lilipaswa kuwa.

Jina la Mshale halikusikika tena katika timu yoyote. Bi Mkasi aliuliza kwa katibu, akauliza hospitalini, akaandika barua nyingine kwa mwandiko ule ule uliolala vizuri, lakini hakupata pa kuipeleka. Jumamosi moja, madirisha yakiwa wazi, kelele za uwanjani zilifika mpaka dukani kwake. Timu ilikuwa na mshambuliaji mpya, na mshambuliaji mpya alikuwa amekosa bao. Nyuma ya goli mtu mwingine, mwenye sauti nzuri, alianzisha kuzomea, na maelfu wakampokea kwa furaha, kila mmoja akiwa hajui huyo wanayemzomea amebeba nini, wala uzito wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.